Bastola Ndogo, Pesa za Mpunga na Risasi Iliyobaki Ndani

 

Hapa tumezoea kuzungumza kuhusu mbegu, palizi, panya na unyevu wa mpunga. Leo naomba mnivumilie nizungumzie kitu ambacho sikukisomea chuoni: bastola. Najua baadhi yenu, hasa nyinyi wanunuzi mnaotoka Ifakara na fedha taslimu kwenda Mngeta, Chita hadi Mlimba, mmeanza kuulizana habari za vibali. Mmoja wenu aliniuliza waziwazi kwenye mashine ya kukoboa: "Bwana shamba, nikinunua ile ndogo ya mfukoni si nitalala usingizi?" Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, kwa kueleza niliyoyaona kwa macho yangu nyumbani kwa rafiki yangu.

Rafiki huyu ni mkubwa kwangu kwa umri, namwita kaka. Ananunua mpunga vijijini, anakusanya stoo kwake hapa Ifakara, na bosi wake wa Dar es Salaam huja kuupakia. Misimu miwili iliyopita, mwezi wa saba, aliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa bodaboda akiwa na shilingi milioni sita na laki nne kwenye begi la mgongoni. Mbele wakakuta gogo limelazwa njiani. Dereva alipopunguza mwendo, vijana watatu wenye mapanga wakatoka kwenye matete. Dereva alikatwa mkono, begi likaondoka. Katika zile fedha, milioni nne zilikuwa za bosi. Kaka aliuza kiwanja chake kuzirudisha.

Baada ya hapo hakulala vizuri. Akaamua kuomba kibali cha bastola. Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na kaka aliifuata yote. Alianzia ofisi ya mtaa, barua ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, polisi wakamhoji na kuchukua alama zake za vidole, akahudhuria mafunzo. Alisubiri muda mrefu kiasi kwamba msimu mmoja mzima wa mavuno ulipita. Mwezi wa tatu mwaka huu akanipigia simu: "Bwana shamba, kitu kimefika. Njoo unisaidie kusoma kitabu chake, kimeandikwa Kiingereza kitupu."

Nilienda jioni. Shemeji alikuwa uani anachambua mchele, na mtoto wao wa mwisho, wa miaka sita, alikuwa sebuleni akifanya kazi za shule sakafuni. Kaka akaleta kitambaa, akakifungua mezani. Kusema kweli nilishangaa kwa udogo wake. Ina urefu wa karibu sentimita 15, kama simu ya kawaida, na uzito wa karibu nusu kilo ikiwa haina risasi. Inaingia mfukoni na suruali haivimbi. Kaka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyenunua pikipiki mpya.

Akanisogezea niishike. Nikamwambia hapana. Kibali ni cha kwake, mimi sina, kwa hiyo mikono yangu itashika kitabu tu. Naliandika hili kwa makusudi. Silaha si jembe la kuazimana, hata kwa rafiki, hata kwa dakika moja, hata kwa kupiga picha.

Nikaanza kusoma, yeye akifuatisha. Ukurasa wa kwanza ulisema kabla ya jambo lolote hakikisha silaha haina risasi. Kaka akabonyeza kitufe cha kishikio, magazini ikatoka, akaiweka mezani. "Tayari," akasema, "sasa ni chuma tu." Akainyoosha kuelekea dirishani akiwa amefumba jicho moja. Upande ule ndiko uani, shemeji alipokuwa amekaa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika mstari unaofuata. Ulisema, kwa herufi nzito: kutoa magazini hakuondoi risasi iliyomo kwenye chemba. Nikasema kwa sauti kubwa, "Kaka, acha! Weka chini, kitabu kinasema bado!" Akashtuka, kidole kikatoka kwenye triga. Akaelekeza mtutu sakafuni, kwenye kona isiyo na mtu, akavuta nyuma kile kipande cha juu cha bastola. Risasi moja ikaruka, ikagonga mguu wa meza, ikabingirika mpaka kwenye daftari la mtoto.

Mtoto akaiokota. "Baba, hii imedondoka," akasema, akaninyooshea mimi. "Baba mdogo, ni ya dhahabu?"

Hakuna aliyejibu. Kaka alikaa kwenye kiti, jasho likimtoka usoni ilhali mvua ilikuwa inanyesha. Uani tulikuwa tunasikia ungo wa shemeji ukipepeta. Aliendelea na kazi yake, hajui lolote. Mpaka leo hiyo sauti ya ungo ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote.

Kaka alikuwa amefundishwa jambo hili. Aliniambia mwenyewe kwamba mkufunzi alilirudia zaidi ya mara tatu. Alilisahau kwa sababu alikuwa nyumbani, kwa furaha, mbele ya rafiki. Ajali nyingi za viuatilifu ninazokutana nazo vijijini zinakuja kwa njia hiyohiyo. Mkulima anajua kabisa kwamba dawa haitiwi kwenye chupa ya soda. Siku moja anaitia kwa sababu ana haraka.

Basi tulianza upya, polepole, kama tunavyosoma lebo ya dawa kabla ya kuchanganya kwenye bomba. Haya ndiyo tuliyoyapata, pamoja na aliyoyaeleza kaka baada ya kurudi kwa mkufunzi wake.

Kwanza, kuna mpangilio wa kuondoa risasi na haugeuzwi. Unatoa magazini kwanza, ndipo unavuta kipande cha juu ili iliyomo kwenye chemba itoke, kisha unatazama ndani ya chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole. Ukianza na kuvuta kabla ya kutoa magazini, risasi ya kwanza itatoka, na utakapoachia, nyingine itapanda kuchukua nafasi yake. Utadhani umemaliza kumbe ndiyo umejaza.

Pili, kila bastola ihesabiwe ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe, na kila inapobadilisha mikono ihakikishwe tena. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Na jua kilichopo mbele ya shabaha na nyuma yake. Nyumba zetu nyingi zina milango ya mbao na kuta za tofali za udongo au bati. Risasi haisimami kwenye bati. Ikiruka hewani bila kizuizi inaweza kufika zaidi ya kilomita moja, na kwetu kilomita moja ina kaya nyingi.

Tatu, udogo wenyewe una gharama. Mtutu ukiwa mfupi, ukigeuza kiganja kidogo tu tayari umemwelekezea mtu wa pembeni. Kishikio kikiwa kifupi, kidole cha mwisho hakipati pa kushika na bastola inaruka mkononi kwa nguvu. Kaka alisema kwenye mazoezi, kwa hatua 7 aliipiga karatasi vizuri. Kwa hatua 20 risasi nyingi zilienda kando, na hapo alikuwa amesimama, mchana, hakuna anayemkimbiza na panga.

Nne, bastola nyingi za aina hii hazina kile kitasa cha pembeni cha kuzuia. Usalama wake umo ndani ya mashine na kwenye kidole cha mwenye nayo. Kwa hiyo haitupwi mfukoni pamoja na funguo na sarafu, maana kitu chochote kinaweza kuingia kwenye triga. Inakaa kwenye ala ngumu inayofunika triga yote.

Tano, mahali pa kuihifadhi. Chini ya godoro si mahali. Juu ya kabati si mahali, mtoto wa miaka sita anajua kupanda kiti. Kaka alinunua sanduku la chuma, fundi akalifunga ukutani kwa boliti, na ufunguo anautembeza yeye. Na pombe haikai na silaha mwili mmoja. Ukiwa unakwenda kilabuni, inabaki sandukuni.

Wapo mtakaosema bwana shamba umezidisha, kidude chenyewe kidogo. Nitawakumbusha jambo moja la historia. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana mmoja alimuua mrithi wa ufalme wa Austria kwa bastola ndogo ya FN, muundo wa mwaka 1910, ya kutia mfukoni. Vita vilivyofuata vilivuka bahari vikafika mpaka kwetu. Wajerumani walijikita Mahenge, hapo juu ng'ambo ya mto wetu, hadi majeshi ya Wabelgiji yalipoitwaa Oktoba 1917. Watu wa nchi hii waliobebeshwa mizigo ya majeshi yale hawakuwahi kuisikia Sarajevo. Udogo wa silaha hauelezi udogo wa madhara.

Sasa nirudi kwa lile swali la kulala usingizi.

Wiki mbili baada ya tukio la sebuleni, kaka alikuja ofisini kwangu. Tukakaa chini ya mwembe tukafanya hesabu, kama ninavyofanya na nyinyi hesabu ya gharama za ekari. Nikamwomba airudie asubuhi ile ya gogo, lakini safari hii aweke bastola kiunoni. Akafikiri. Amekaa nyuma kwenye bodaboda, mkono mmoja umeshika chuma cha kiti, mwingine begi. Amevaa koti la mvua juu ya shati. Giza. Watu watatu wanatokea kwa hatua nne au tano. Dereva yuko mbele yake, yaani yuko katikati yake na wale vijana.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Ningempiga dereva. Au wangenipokonya, wakaondoka na milioni sita na bastola juu."

Hapo ndipo tulipouona mzizi. Kilichowatoa wale vijana kwenye matete ni zile milioni sita, na habari kwamba zinapita njia ile, saa ile. Bastola haikuondoa fedha njiani. Iliongeza kitu kingine cha kuibwa. Kwa hiyo tukaacha habari za bastola tukaanza kuzungumza habari za fedha. Msimu uliopita alijaribu haya, na mengine yalishindwa kwanza.

Alianza kulipa wakulima kwa simu. Wengi walikataa kwa sababu ya makato ya kutolea. Akakubali kuongeza kiasi cha makato juu ya bei, akaona bado ni nafuu kuliko kiwanja alichouza. Lakini siku ya pili tu, mama mmoja wakala kijijini alimwita pembeni akamwambia, "Baba, umenihamishia majambazi. Watu thelathini wamekuja kutoa pesa kwangu siku moja, floti imeisha, na kijiji kizima kinajua jioni nimebaki na nini." Alikuwa na haki. Tangu hapo kaka huwaarifu mawakala wawili au watatu mapema, malipo anayagawa kwa siku kadhaa, na mkulima anayeuza magunia mengi analipwa benki. Wale wanaouza kupitia AMCOS analipa kwenye akaunti ya chama.

Hasafiri tena alfajiri. Anapima mpunga mchana, kwenye ofisi ya kijiji au ghala, mbele ya watu. Siku ya kwenda anabadilisha, haitangazi kwenye kijiwe. Mkononi anabeba fedha ya vibarua, magunia na usafiri tu. Wakulima wanaoweza, huleta mpunga wenyewe mpaka mashineni Ifakara, na huko bei huwa nzuri zaidi kwao.

Na nyinyi wakulima mnahusika. Anayedai alipwe taslimu, njiani, jioni, halafu alale na fedha hiyo ndani ya nyumba ya tembe, amejitafutia hatari ileile. Fungua akaunti. Pokea kwenye simu kiasi unachohitaji, kingine kiache kilipo.

Msimu ule ulipita salama. Siwezi kusema ni kwa sababu ya mipango hii peke yake, maana Mungu naye yupo. Ila najua kwamba hakuwahi tena kubeba milioni sita begani.

Bastola bado anayo. Sikumwambia airudishe, ni haki yake kwa mujibu wa sheria na aliipata kwa njia halali. Anakwenda mazoezini anapopata nafasi. Siku nyingi iko sandukuni. Shemeji aliambiwa yote, na kaka alimwambia mwenyewe, jioni ileile. Hakupika siku mbili. Siku ya tatu alitaka aonyeshwe sanduku linafungwaje. Mtoto naye alifundishwa maneno matatu: usiguse, ondoka, mwite mkubwa.

Kabla sijamaliza, neno kwa wenye magobore. Bonde hili limelindwa kwa magobore dhidi ya nguruwe pori na nyani kwa miaka mingi, na mimi nimekulia katika nyumba yenye gobore. Marehemu baba alikuwa akilishindilia baruti na gololi kwa mtaimbo mwembamba, fataki inawekwa mwisho kabisa, shambani, na sisi watoto tunarudishwa nyuma. Lilikuwa refu, kila mtu alilijua, halikujificha mfukoni. Alipofariki lilibaki darini. Tulidhani tumelirithi kama tulivyorithi shamba. Sivyo. Kibali ni cha mtu, hakirithiwi. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa kusalimisha silaha, Septemba na Oktoba, na huo Septemba ndio mwezi ambao Umoja wa Afrika uliutenga tangu 2017 kwa kazi hiyo kila mwaka. Baba mkubwa alitangulia kumwarifu mtendaji wa kijiji, kisha gobore likapelekwa kituoni. Hatukuulizwa maswali ya kututisha. Mama alisema siku hiyo dari lilikuwa jepesi.

Kama nyumbani kwenu lipo la marehemu, usilisubirishe. Mtangulie mtendaji au polisi kwa taarifa kwanza. Usitembee nalo barabarani bila mtu kujua. Na lichukulie kwamba limeshindiliwa, hata kama limekaa miaka kumi.

Kwa ufupi, ndugu mfanyabiashara uliyeniuliza mashineni:

Punguza fedha unayobeba kwanza. Hiyo haina kibali wala foleni, unaweza kuanza kesho.

Ukiona bado unahitaji silaha, fuata sheria yote na usinunue ya kichochoroni hata kwa bei ya bure.

Ukiipata, jifunze upya kila mwezi kama hujawahi kuishika. Toa magazini, vuta, tazama chemba, gusa.

Mwenzi wako ajue ipo, na watoto wasiifikie.

Usingizi unaoutafuta hauji na bastola. Kaka aliniambia usiku wa kwanza nayo ndani ya nyumba alilala vibaya kuliko usiku wa kuibiwa. Alianza kulala vizuri siku alipomaliza kununua magunia 40 Mngeta akarudi nyumbani mfukoni ana nauli tu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kazi yetu: namna ya kujua mpunga umekauka vya kutosha kabla ya kufunga gunia. Tukutane shambani.